Dakika Ishirini za Kununa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linatutaka wazazi tueleze kama watoto wetu wanaweza kucheza wenyewe nyumbani bila simu wala televisheni, na kama hawawezi, kosa ni la nani. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano na mdogo wake wa kike wa miaka mitatu, tunaishi katika nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba wanaweza, ila mimi ndiye niliyechelewa kuwaachia nafasi.

Kwa karibu mwaka mzima simu yangu ndiyo iliyokuwa yaya wa jioni. Niliporudi kazini nimechoka, mchicha haujachambuliwa na mtoto ananing'ang'ania gauni, nilimkabidhi simu naye akanyamaza papo hapo. Kwa hiyo, tukisema kweli, aliyekuwa akiihitaji simu ile ni mimi. Kisha ikaanguka, kioo kikapasuka, na fundi akakaa nayo siku tisa. Jioni ya kwanza mwanangu alilia, akajitupa sakafuni, halafu akaja jikoni mara tatu kunilalamikia kwamba hana la kufanya. Kila mara nilimjibu kwamba nimemsikia, nikaendelea kukuna nazi. Alinuna kama dakika ishirini hivi kabla sijasikia sauti kibarazani: "Buguruni, Karume, Kariakoo! Ingia, mama, siti ipo!" Alikuwa amepanga vigoda viwili na dumu tupu, kiganjani ana visoda vinne anavichekecha kama konda achekechavyo sarafu, na abiria wake wa pekee, yaani mdogo wake, amegoma kulipa nauli. (Yako maneno mengine ya makonda ambayo kumbe aliyajua pia, hayo tuliyazungumza baadaye.)

Nadhani dakika ishirini hizo ndizo tunazozikimbia sisi wazazi. Mtoto akilalamika tu, tunajiona tumemkosea, tunatafuta haraka cha kumtuliza, na hivyo hafiki kamwe pale ambapo dumu hugeuka daladala.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likishauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Sina uwezo wa kukaa na saa mkononi nikihesabu, kwa hiyo mimi hutazama zaidi kama kitu chenyewe kina mwisho. Katuni ya televisheni huisha, watoto wakainuka wakiimba wimbo wake. Lakini kwenye simu video moja ikimalizika nyingine hujileta yenyewe, mtoto hakutani na mwisho wowote, na mzazi anayempokonya simu ndiye huonekana adui. Simu iliporudi kutoka kwa fundi nilizima mpangilio huo wa kujiendeleza, na simu yenyewe sasa hukaa juu ya kabati.

Kucheza wenyewe, hata hivyo, si kutelekezwa. Kabla sijawaachia uani nahamisha jiko la mkaa na kufunika ndoo zote, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata nusu ya ndoo. Kisha nakomea geti na kubaki mahali ninapowasikia.

Mama mkwe wangu, aliyelea watoto sita Muheza, alilicheka swali lenu. Anasema kwao uwanja ulikuwa mkubwa na kila mama wa mtaa alikuwa na ruhusa ya kumkemea mtoto wa mwenzake. Sisi uani kwetu ni hatua kumi kwa sita, pamejaa kamba za nguo za wapangaji wanne, na kombolela haichezeki pasipo na pa kujificha. Masika yanapoingia hata nafasi hiyo hugeuka dimbwi, tunabanana chumbani watu wanne tangu asubuhi, vigoda vikiwa vimepandwa na kushukwa mpaka abiria na konda wamegombana. Siku kama hizo nawawashia televisheni, pengine hata saa mbili, na sioni haya kulisema hilo hapa.