Bima ya afya ya SHA inataka malipo ya mwaka mzima, nitoe wapi?

Swali: Mhariri, mimi mama mboga hapa Nakuru, enzi za NHIF, ile bima ya zamani, nilikuwa nalipa 500 kila mwezi basi, sahii SHA inataka nilipe ya mwaka mzima mara moja, na mimi nauza sukuma na nyanya, hiyo pesa nitoe wapi?

Jibu: Mama, uchungu wako naelewa na hauko peke yako. Sheria ya SHA ya 2023 na kanuni zake inamkata wa mshahara asilimia 2.75 mwezi kwa mwezi lakini wa jua kali anadaiwa mwaka wote mbele, hapo naona bunge lilikosea kabisa. Ila usikae bila kujisajili, piga *147#, ukishaingia zahanati ya serikali unatibiwa bure hata kama hujalipa, mchango unatakikana ukilazwa hospitali kubwa. Uliza pia Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipa huo mchango kidogo kidogo.