Maswali na majibu: Kikosi cha makomando kwa mchezo wa usiku mmoja

Kwa mgeni wa mambo haya: ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, msimulizi anaeleza yanayotokea na kuwaigiza watu wengine wote waliobaki duniani, na pale ambapo hakuna ajuaye litakalokuwa, dadu zinaamua. Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu makomando wa angani. Mifano yangu naitoa kwenye Traveller, mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 1977, kwa toleo la kampuni ya Mongoose, maana ndio ninaouendesha. Sheria yake kubwa ni fupi: rusha dadu mbili, ongeza ujuzi wako, ukifika 8 umefaulu.

Kaka, nina wachezaji watano na muda wa saa nne tu, Jumamosi moja basi. Misheni ni kuingia kituo cha angani kilichotekwa na kumtoa mateka. Kikosi kamili kiwe na nani na nani? – Msomaji wa Morogoro

Najua ulichokwisha kuandika pembeni ya daftari: mpiga bunduki, tabibu, mdukuzi, rubani, mtu wa milipuko. Watu watano, kazi tano, imekwisha. Nami nilianza hivyo hivyo. Ikawa mdukuzi anahangaika na mlango dakika ishirini huku wenzake wanne wanaangalia simu. Mlango ukafunguka, risasi zikaanza, sasa mdukuzi ndiye akatoa simu.

Kwa hiyo orodha ya kazi iache kwanza. Andika matukio ya misheni yako: kukaribia kituo, kuingia, kumtafuta mateka, mapambano, kutoka. Matano hayo yanatosha kabisa kwa muda wa saa nne, pengine yatazidi. Chora jedwali, matukio juu, wahusika ubavuni, kisha weka alama kila mahali mhusika ana jambo la maana la kufanya. Ukiona mtu ana vyumba viwili vitupu vinavyofuatana, huyo atalala. Mwongezee ujuzi au badilisha tukio.

Jambo la pili tuwaige wanajeshi wenyewe. Kikosi cha msingi cha Special Forces za jeshi la Marekani kina watu 12: nahodha, afisa msaidizi, sajini wa operesheni, sajini wa intelijensia, kisha wawili wawili wa silaha, uhandisi, tiba na mawasiliano. Hao wawili wawili ndio wa kutazama. Kikosi kikigawanyika nusu kwa nusu, kila nusu inaondoka na tabibu wake na mtu wake wa redio. Wewe una watano tu, huwezi kuwa na watu wawili wa kila kazi, lakini unaweza kumpa kila mmoja kazi yake na kipande cha kazi ya mwenzake.

Kwa misheni yako ningefanya hivi. Rubani, lakini chombo kikishatia nanga yeye ndiye anayeshuka na rashasha. Tabibu ambaye pia ana ulimi mtamu, maana mateka mwenye hofu hatembei kwa kuamrishwa. Mtu wa milipuko anayejua pia mitambo ya kituo. Mdukuzi ambaye ana jicho la upelelezi na anatangulia mbele. Sajini mwenye bunduki na uongozi, na huduma ya kwanza kidogo kwa siku tabibu atakapokuwa yeye ndiye aliyelala chini.

Halafu wape wote watano ujuzi wa kiwango cha sifuri katika bunduki, kuvizia na kuvaa vazi la angani. Sifuri inaonekana kama si kitu, kumbe ndiyo zawadi kubwa kuliko zote kwenye karatasi. Asiye na ujuzi kabisa anakatwa 3, hivyo dadu zake zinatakiwa zitoe 11 au 12, na hiyo ni mara 8 hivi katika 100. Mwenye sifuri hakatwi kitu, anafaulu kama mara 42. Kiwango cha 1 ni 58, cha 2 ni 72. Hakuna ngazi inayokupandisha kama hiyo ya kutoka patupu hadi sifuri.

Wachezaji wangu wanne wote wanataka kuwa wadunguaji. Nikatae? – Nairobi

Usikatae. Wadunguaji wanne ni misheni nzuri sana, ila si ile uliyoiandika. Waulize kila mmoja: kabla hujashika bunduki hiyo ulikuwa nani? Mmoja atakuwa alisomea udaktari akaacha, mwingine alikuwa fundi wa meli za mizigo. Katika Traveller mhusika hujengwa kwa kupitia miaka yake ya kazi, minne minne, kwa hiyo swali hilo limeshawekwa ndani ya sheria. (Kwenye toleo la 1977 mhusika angeweza hata kufa humo humo kabla mchezo haujaanza. Wazee wa mchezo huu wanalisimulia kwa fahari, sijui kwa nini.)

Mwishoni mwa kujenga wahusika kuna orodha fupi ya ujuzi wa kikundi, ambapo wachezaji wanachagua mmoja mmoja kwa zamu mpaka uishe. Hapo ndipo unapozibia mapengo bila ugomvi.

Nani awe kamanda? Mara ya mwisho tulimpa kaka mmoja mkubwa wetu akatuendesha kama kuruta. – Msomaji wa Mwanza

Pole. Lilinikuta pia, ila mimi ndiye niliyekuwa nimempa cheo. Mchezaji mzoefu, anazijua sheria kuliko mimi, nikaona nimkabidhi ukapteni ili mambo yaende haraka. Yalienda haraka kweli. Kila zamu ilipofika kwa binti aliyekuwa anacheza kwa mara ya kwanza, kapteni alimwambia la kufanya, binti akarusha dadu, tukasonga. Baada ya muda wa saa moja binti alikuwa harushi hata dadu, kapteni anamrushia. Hakurudi tena mezani kwangu.

Siku hizi nafanya moja kati ya mawili. Ama afande mkuu ni mhusika wangu mimi msimulizi, yuko kwenye redio, anatoa amri moja mwanzoni kisha mawasiliano yanakatika. Ama cheo nampa mgeni kuliko wote, na mzoefu namfanya sajini wake. Sajini anashauri, luteni anaamua. Mzoefu mwenye adabu atalifurahia jambo hilo, maana kumlea luteni mchanga ni uigizaji mtamu. Asiye na adabu utamjua mapema.

Na uongozi usiwe maneno matupu. Mwenye ujuzi huo mruhusu kurusha dadu ili mwenzake apate nyongeza. Hapo anawainua wenzake badala ya kuwaamuru.

Kila tukijaribu kunyemelea tunakamatwa. Kila mtu anarusha dadu, mmoja anakosa, basi kengele inalia. Tunakosea wapi? – Mombasa

Mnakosea hesabu. Hata kama wote watano wana kiwango cha 1, kila mmoja ana nafasi 58 katika 100. Wote kufaulu kwa pamoja ni 7 hivi katika 100. Yaani msimulizi wenu amewaambia mnaweza kunyemelea, na dadu zinasema hamwezi.

Mezani kwangu anarusha mmoja tu, anayetangulia, kwa niaba ya wote. Kila anayemfuata bila ujuzi wowote wa kuvizia anampunguzia 1. Kwa namna hiyo mpelelezi wa kiwango cha 2 anakuwa mtu wa kutegemewa, na yule jamaa wa rashasha anajua kabisa kwamba buti zake ni mzigo kwa wenzake. Akikosa, msipige kengele mara moja. Mlinzi mmoja asimame, ageuze kichwa, aulize "Nani hapo?" Mpeni mtu nafasi ya kujibu. Nimeona mdukuzi akijibu "Fundi wa hewa, mkuu," kwa sauti ya uchovu mtupu, meza nzima ikashindwa kujizuia.

Mchezaji wangu wa utabibu analalamika hana kazi mpaka mtu apigwe. – Dada wa Arusha

Ana haki, lakini katika Traveller hatasubiri sana. Bunduki ya kivita ya kawaida inatoa madhara ya dadu tatu, wastani 10 na nusu. Mtu wa kawaida ana nguvu 7, wepesi 7 na ustahimilivu 7, jumla 21, na madhara yanakula humo humo. Fanya hesabu, dada: risasi mbili na asiye na kinga ni marehemu. Kwa hiyo kwanza wavishe wote fulana za kuzuia risasi, la sivyo tabibu wako atakuwa mzika maiti.

Kwa muda ambao hakuna damu, mpe miili ya kusoma. Mlinzi aliyekufa kabla hamjafika, kafa kwa nini? Mateka amedungwa dawa gani, ataweza kukimbia baada ya muda gani? Tabibu ndiye mpelelezi wa kitu ambacho wengine wanakiruka.

Tuko watatu tu. – Iringa

Inatosha. Kila mmoja kazi mbili kamili, na rubani awe mhusika wa msimulizi anayebaki kwenye chombo akilalamikia mafuta. Punguzeni maadui, msipunguze chumvi.

Mhusika akifa mapema, mchezaji akae anatazama? Na je, dadu zile za pembe nyingi tunazipata wapi? – Msomaji wa Kigoma

Dadu za pembe nyingi huzihitaji. Traveller inatumia za pembe sita peke yake. Chukua zile za ludo, uwe na nne au tano mezani mambo yaende haraka. Ukimaliza zirudishe kwenye boksi, maana ludo bila dadu italeta kesi nyumbani.

Kuhusu kifo, andaa karatasi mbili za akiba kabla ya siku yenyewe na uziweke ndani ya hadithi: mfungwa mwingine aliye chumba kimoja na mateka, na mlinzi aliyechoka kuwatumikia watekaji. Mchezaji akifiwa na mhusika wake anapokea karatasi, na tukio linalofuata mlango unafunguka, yumo. Mfungwa mpe ujuzi wa tabibu na mlinzi mpe wa milipuko, kwa kuwa mara nyingi hao wawili ndio wanaotangulia kufa: mmoja anakimbilia majeruhi mahali pa wazi, mwingine anachelewa kuondoka kwenye bomu lake mwenyewe.

Wadogo zangu wanataka kucheza ila karatasi za wahusika zote ni Kiingereza. – Tanga

Andika upya kwa mkono, ni kazi ya jioni moja. Rubani, tabibu, mdunguaji, mdukuzi, mtegua mabomu: maneno yote haya wanayasikia kwenye taarifa ya habari. Kinachosumbua ni ujuzi mdogo mdogo. Mimi naandika "kuvizia", "macho makali", "kushawishi", "mashine", "kuelea" kwa kazi za mahali pasipo na uzito, na "domo" kwa yule anayewatoa kwenye matatizo kwa maneno. Hilo la mwisho lilikuwa utani, sasa kila anayeketi mezani anataka awe na domo 2.