Wasomaji Wanauliza: Mti Unaometameta Nyumbani kama wa Bustani za Burudani

Toleo hili tumekusanya pamoja barua zinazohusu taa za mapambo ya miti, kwa kuwa zimetufikia nyingi na kwa kuwa jibu la moja linasaidia kuielewa nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Tampa, Florida, na kila Desemba tunawapeleka watoto kwenye bustani za burudani za Orlando. Kinachowavutia zaidi huko si bembea wala treni, bali ni miti iliyozungushiwa taa ndogo nyeupe zinazometameta. Mwaka jana tulinunua taa zenye namna nane za kuwaka, tukazifunga kwenye mwaloni wa uani, lakini zilikuwa zikiwaka na kuzima kwa pamoja kama indiketa za gari. Tulikosea wapi?
Mama wa watoto wawili, Tampa

JIBU: Kufunga kwenu hakukuwa na kasoro, dada, tatizo lilianzia dukani. Kile kisanduku chenye kitufe kinachokaa karibu na plagi hugawa taa zote katika mafungu mawili, au manne zikiwa za bei kubwa kidogo, na fungu likipewa umeme linawaka lote, likinyimwa linazima lote. Kitufe kikibonyezwa, kinachobadilika ni kasi na zamu za mafungu hayo. Hakuna hata namna moja kati ya hizo nane inayoweza kuifanya taa iliyo katikati ya uzi imete peke yake.

Mtu akiutazama kwa utulivu mti uliopambwa vizuri katika bustani ya burudani, ataona kwamba taa nyingi hazifanyi lolote. Zinawaka tu, na kati yake zimetawanywa chache zinazong'aa ghafla au kufifia, kila moja kwa wakati wake na bila kufuata zamu. Kwa kuwa jicho haliwezi kubashiri patakapometa baadaye, linaendelea kutafuta, na hapo ndipo mti mzima huonekana una uhai. Taa zote zikikonyeza, jicho linauona mdundo badala ya mmeto, na likishaujua mdundo linauchoka. Kwa hiyo msinunue uzi mmoja wenye mbwembwe nyingi. Nunueni nyuzi za aina mbili: nyingi ziwe za taa zilizotulia kabisa, na chache ziwe za taa zinazometa moja moja. Kwa macho yangu, taa moja inayometa kwa kila tano hadi kumi zilizotulia inatosha.

Desturi ya kupendezesha bustani za burudani kwa taa ndogo nyingi, badala ya chache kubwa, ni ya zamani kuliko Florida. Bustani ya Tivoli mjini Copenhagen, Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843, kabla balbu ya umeme haijaingia katika matumizi ya watu, na hadi leo sifa yake kubwa ni mwanga wake wa usiku. Mtengenezaji wa filamu za katuni Walt Disney aliitembelea mwaka 1951, miaka minne kabla hajaifungua Disneyland, bustani yake mwenyewe ya burudani, kule Anaheim, California, mnamo Julai 1955.

Sasa, hizo taa zinazometa moja moja ni zipi? Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni balbu ndogo za zamani, ambazo ndani yake kuna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Kikipata joto hupinda na kukata umeme, kikipoa hunyooka na kuurudisha. Msiichanganye aina hii na ile balbu moja yenye ncha nyekundu inayokuja katika kifuko cha akiba, kwani hiyo ikikata umeme inazima mstari mzima. Ya pili, ambayo ndiyo ninayowashauri, ni taa ya LED yenye chipu ndogo ndani ya kichwa chake, inayojihesabia muda yenyewe. Jioni mkiziwasha, huenda mwanzoni zikakonyeza zote pamoja na mkadhani mmetapeliwa. Subirini kidogo. Chipu hizo hazihesabu muda sawasawa kabisa, basi hii inatangulia kidogo, ile inachelewa kidogo, mpaka kila moja inashika njia yake. Ya tatu ni taa za mweko, zinazotoa mwanga mkali wa muda mfupi mno. Ndizo zinazouremba Mnara wa Eiffel mjini Paris, ambako taa za namna hiyo 20,000 humeta kwa dakika tano kila saa kamili baada ya giza kuingia. Juu ya mnara wa chuma unaotazamwa kutoka ng'ambo ya mto zinapendeza sana, lakini kwenye mwaloni wa uani zaidi ya tano zitawaumiza macho.

Mambo mawili madogo huharibu kazi iliyobaki. La kwanza ni rangi. Nyeupe ya manjano, ile inayoandikwa 2700K kwenye boksi, haikubaliani na nyeupe ya kibuluu ya 6000K, na mti wenye zote mbili huonekana umepambwa na watu waliogombana. Nunueni nyuzi zote kwa mkupuo mmoja na za kiwanda kimoja. La pili ni nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Watu wengi huanza kwa kubana pale shinani, taa zikaisha kabla hawajafika kwenye matawi. Pimeni kwanza: shina lenye mzingo wa sentimita 60 na urefu wa mita 2, mkiacha sentimita 10 kati ya mizunguko, linahitaji mizunguko 20, yaani mita 12 za uzi. Kila tawi nene lipimwe hivyo hivyo. Matawi membamba msiyazungushie; pitisheni uzi mpaka nchani kisha urudi. Waya uwe wa kahawia kwenye gome na wa kijani kwenye majani, maana mti huo mtauona mchana pia.

SWALI: Mhariri, salaam. Dada yangu aliyeko Texas ametutumia maboksi matano ya taa za mti. Kijana wa duka la vifaa hapa mtaani anasema ninunue ile adapta ya kubadili plagi tu, kisha nichomeke. Nimsikilize?
Msomaji, Moshi

JIBU: Usimsikilize kabla hujasoma kibandiko. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120, wa Tanzania ni wa volti 230, na ile adapta hubadili umbo la plagi tu, volti haizigusi. Balbu iliyotengenezwa kwa volti 120 ikipewa 230 hulazimishwa kula nguvu karibu mara nne ya uwezo wake, hivyo zitawaka kwa mwanga mkali sana kwa muda mfupi kisha zitakufa zote, na plastiki iliyo karibu na majani makavu inaweza kushika moto.

Tazama kibandiko kilicho karibu na plagi au mgongoni mwa kisanduku cha umeme. Kikisema 100–240V, dada yako amekutumia taa za volti ndogo zenye adapta yake ya umeme, nawe unahitaji kubadili umbo la plagi tu. Kikisema 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 120, yenye wati zinazozidi jumla ya taa zako. Uzi wa balbu 100 za zamani hula takriban wati 40. Nyuzi tano ni wati 200, basi nunua transfoma ya wati 300 na uiweke ndani ya nyumba, mahali pakavu penye hewa. Wapo mafundi watakaokuambia waunganishe nyuzi mbili zifuatane ili zigawane volti. Kwa hesabu ya darasani inawezekana, lakini nyuzi hizo zikitofautiana kidogo tu, mgawanyo unaharibika na mmoja unaungua. Kataa.

Na bei ya transfoma ikikutisha, ziweke kando taa hizo za Texas na ununue za LED za volti 230 hapo Moshi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa elektroniki, Nakuru. Ninataka kila taa ya mti niiamuru mwenyewe kwa programu, kwa kutumia taa za WS2811, ambazo kila moja ina chipu ya kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, na bodi ndogo ya kompyuta iitwayo ESP32. Nianzie wapi ili zimete vizuri?

JIBU: Kijana wangu, nianze kwa kukuvunja moyo kidogo. Nyeupe inayopatikana kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu haifikii ile ya LED iliyotengenezwa kuwa nyeupe ya manjano. Kama lengo ni mti mweupe tu, jibu nililompa dada wa Tampa ni rahisi na lina sura nzuri zaidi. Kama unataka kujifunza, au kubadili rangi kila sikukuu, endelea.

Umeme ndio unaowashinda wengi, kuliko programu. Taa za volti 5 za namna hii hula hadi miliampea 60 kila moja zikiwaka nyeupe kamili, hivyo taa 100 huweza kudai ampea 6. Umeme ukipita kwenye waya mwembamba hupungua volti, na utaona zile za mwishoni mwa uzi zinageuka kuwa na wekundu, kwa sababu buluu na kijani ndizo hulegea kwanza. Ingiza umeme upya kila baada ya taa 50 au hivi, au chagua za volti 12. Waya hasi wa chanzo cha umeme na ule wa bodi lazima viunganishwe pamoja, la sivyo taa zitakonyeza ovyo, na utashinda ukitafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa. Kizuizi cha omu 330 kwenye waya wa data, karibu na taa ya kwanza, husaidia.

Programu huria ya WLED ina mitindo ya kumetameta iliyo tayari, nayo hukuruhusu kuweka kikomo cha ampea. Lakini ukiandika yako mwenyewe, fuata kanuni ile ile ya utulivu. Zipe taa zote mwanga wa chini usiobadilika, kwa mfano 60 kati ya 255, ambayo ndiyo mwanga kamili. Kila hatua, chagua kwa bahati taa moja au mbili, zipandishe haraka hadi 255, kisha zishuke polepole. Kupanda na kushuka kwa kasi sawa huleta sura ya kupumua, siyo ya kumeta. Kumbuka pia kwamba jicho halioni 128 kuwa nusu ya 255, bali huiona juu zaidi ya hapo, hivyo ngazi zako ziwe nyingi upande wa chini. Kwa rangi, anza na nyekundu 255, kijani 150, buluu 50, kisha urekebishe usiku ukiwa umesimama mbele ya mti, wala si mbele ya kompyuta.

SWALI: Mwanangu ana kifafa. Je, taa za kumetameta zina hatari kwake?
Baba wa mtoto, Muscat

JIBU: Muulize kwanza daktari anayemtibu, kwa kuwa si kila mwenye kifafa huathiriwa na mwanga. Wanaoathiriwa, hatari kubwa huwa ni mwako unaojaza sehemu kubwa ya macho na kukatika zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Kwa hiyo epuka taa za mweko na zile za kitufe zinazokonyeza zote kwa kasi, na ukiruhusiwa, chagua zinazofifia polepole au zilizotulia kabisa.

SWALI: Ndugu Mhariri, tuna mwarobaini mkubwa mbele ya nyumba, Likoni, Mombasa. Ninataka kuuwekea taa, lakini mume wangu ana hofu tatu: mti utakufa, tokeni za umeme zitaisha na majirani watalalamika. Nimjibu nini?

JIBU: Kuhusu mti, mweleze kwamba taa za LED hazina joto la kuudhuru, na kinachoua ni misumari na waya uliokazwa. Shina hunenepa, waya usiolegezwa huzama kwenye gome na hatimaye hukata njia ya chakula chini yake. Tumieni vibano vya plastiki vilivyolegea, na mfungue kila kitu angalau mara moja kwa mwaka. Kwenu Likoni chumvi ya bahari itaharibu viungio upesi kuliko mvua, kwa hiyo tafuta taa zilizoandikwa IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, viungio vitazame chini, na fundi umeme aweke kwenye laini hiyo kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja.

Kuhusu tokeni, tufanye hesabu. Taa 600 za LED, kwa wati 6 kila mia, ni wati 36. Zikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 0.18, na kwa usiku 30 uniti 5.4. Balbu za zamani za idadi hiyo zingekula uniti 36.

Kuhusu majirani, mume wako ana hoja. Katika mji wa Little Rock, Arkansas, mfanyabiashara Jennings Osborne alianza kupamba nyumba yake kwa taa kwa ajili ya binti yake, akaongeza kila mwaka hadi zikafika mamilioni. Magari ya watazamaji yakaziba mtaa, majirani wakamshtaki, na mahakama ikawa upande wao. Mwaka 1995 taa hizo zilihamia bustani ya Disney huko Florida, zikaendelea kuonyeshwa huko hadi Januari 2016, kwa hiyo huko ni bustani iliyochukua taa za nyumbani, si kinyume chake. Wewe hutafika huko kwa mwarobaini mmoja. Weka swichi ya saa izime taa zote saa 4 usiku, na upande wa mti unaotazama dirisha la jirani ufungwe nyuzi zilizotulia tu, zile za kumeta zibaki upande wa barabara.