Galen na damu: alipatia wapi, alikosea wapi?

Ndugu, umeuliza iweje Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 (Jalinus wa vitabu vya Kiarabu), aliaminiwa zaidi ya miaka 1,300 ilhali alikosea kuhusu damu. Aliaminiwa kwa sababu alionyesha mambo kwa macho. Wapo waliokanusha kwamba mkojo hupitia kwenye mirija itokayo figoni hadi kibofuni. Galen alipasua tumbo la mnyama hai, akaifunga mirija yote miwili kwa uzi: kibofu kikabaki kitupu, mirija ikavimba juu ya fundo. Alipofungua, mkojo ukashuka. Ungebisha nini tena?

Kwenye damu aliteleza. Alifundisha kuwa ini huitengeneza kutokana na chakula, viungo huitumia ikaisha, na kiasi hupenya kutoka kulia kwenda kushoto mwa moyo kupitia vitundu visivyoonekana. Vitundu hivyo Ibn al-Nafis, tabibu Mwarabu, alivikanusha karne ya 13. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey akapiga hesabu: kwa nusu saa tu moyo husukuma damu nyingi kuliko iliyomo mwilini, chakula gani kitatosha kuitengeneza? Basi lazima damu ileile inazunguka.

Kwenye mtihani usiandike kwamba Galen aligundua mzunguko wa damu. Alichothibitisha ni kwamba ateri (mishipa itokayo moyoni) hubeba damu, si hewa.