Kikao cha soga cha Ijumaa jioni kifute

Pole dada, nimekuelewa. Timu yako imetawanyika Dar, Nairobi na Kigali, umeanzisha soga ya mtandaoni kila Ijumaa jioni, na watu wanaingia, wanazima kamera, wanasubiri iishe. Usiwalaumu. Wiki imewachosha, na soga ya lazima kwao ni kikao kingine tu.

Ningekuwa wewe ningewapanga wawili wawili, robo saa, katikati ya wiki, ndani ya saa za kazi. Kwenye simu ya watu wengi, waongeaji wawili huteka maongezi na wengine hunyamaza. Wakiwa wawili, hata mkimya huuliza habari za nyumbani. Kama mnatumia Slack, ile programu ya kuwasiliana kazini, programu ya Donut hupanga jozi yenyewe. La sivyo, orodha ya majina inatosha. Kumbuka tu saa 3 asubuhi ya Dar na Nairobi, Kigali ni saa 2.

Video isiwe sharti: bando ni pesa, na si kila mtu ana chumba chake. Ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp lisilogusa kazi unafaa sana. Anzisha wewe, kisha waachie nafasi. Bosi akiongea sana, watu hujibu kwa adabu tu.

Ndoa, dini na siasa usiwachokonoe, hasa msimu wa uchaguzi. Na aliyekuwa mchangamfu akijitenga ghafla, mpigie faraghani. Akikuambia hapati usingizi au amekata tamaa, msaidie kumpata mshauri nasaha mapema.