Msamba wa Van Damme: kwa nini uliigwa na kila mtu?

SWALI: Tangazo la malori ya Volvo ambalo Jean-Claude Van Damme, mwigizaji wa filamu za mapigano, anapiga msamba lilizaa video nyingi za mzaha. Siri yake nini? Kikundi chetu cha vichekesho nacho kinataka kuliiga, tuanzie wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tangazo hilo la Novemba 2013, lililoongozwa na Andreas Nilsson, lilirekodiwa jua likichomoza kwenye kiwanja cha ndege cha Ciudad Real, Hispania. Linaanza na uso wa Van Damme: macho kafumba, mikono kaikunja kifuani, sauti yake ikisimulia misukosuko ya maisha. Kamera inarudi nyuma polepole, ndipo unagundua amekanyaga vioo vya pembeni vya malori mawili yanayorudi rivasi. Wimbo wa Enya, "Only Time", unaingia, malori yanaachana, naye anashuka msamba. Picha haikatwi hata mara moja. Bidhaa yenyewe, mfumo wa usukani, inasubiri maandishi ya mwisho.

Siri ni uzito wa jambo. Hakuna anayetabasamu, kwa hiyo ukibadilisha kitu kimoja tu, kicheko kinakuja chenyewe. Desemba hiyohiyo studio ya Hungary, Delov Digital, ilimtengeneza Chuck Norris, naye mwigizaji wa filamu za mapigano, kwa kompyuta akipiga msamba kati ya ndege mbili, watu wamepandana kichwani mwake kwa umbo la mti wa Krismasi. Msamba ni uleule, kilichokuzwa ni hatari yake. Wengi wanaoharibu hubadilisha mtu, mahali, maneno na muziki kwa mpigo mmoja, na mtazamaji hajui tena kinachoigwa ni nini.

Kwenu, tumieni viti viwili vya ofisi vyenye magurudumu, kila kimoja na msukumaji wake, na mwigizaji akae kwenye meza iliyo nyuma ya viti hivyo. Miguu tu ndiyo iwe juu ya viti. Msamba kamili si lazima. Asisimame juu ya viti: hata Van Damme aliwekewa vikanyagio na kamba za usalama.

Kamera ibaki usoni sekunde 15 hivi. Viti vikionekana mapema, mshtuko umekufa. Simu iwekeni kwenye kitoroli mkivute nyuma. Msitumie zumu, kwani picha hupoteza ubora na haionyeshi kamera ikiondoka. Sauti irekodiwe kando, maana midomo haisemi. Mwigizaji akicheka, rudieni mwanzo. Kukata picha ni kuua mwigo wenyewe.

SWALI: Tutumie wimbo uleule?
Msomaji huyohuyo

JIBU: Hapana. YouTube hutambua rekodi kwa mtambo, na mwenye haki anaweza kuzuia video au kuchukua mapato yake. Kuupiga upya kwa kinanda hakusaidii, kwa sababu utunzi nao una mwenyewe. Tungeni wa kwenu, wa taratibu, wenye noti chache ndefu, na uingie pale tu viti vinapoanza kuachana.