Studio ya fahari au chumba cha kupanga?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwimbaji chipukizi, nimepanga chumba kimoja Katwe, na nina kompyuta ya mkononi na maikrofoni moja. Nikitazama picha za studio za nyumbani za wanamuziki matajiri wa Marekani, nakata tamaa. Je, nisubiri hadi nipate fedha?
Msomaji, Kampala

JIBU: Usisubiri. Ni kweli kwamba mwanamuziki Prince alifungua jumba lake la studio la Paisley Park, Minnesota, Marekani, mwaka 1987, lakini wakati huo alikwisha kuwa nyota. Mwimbaji wa Marekani Bruce Springsteen naye, ambaye hakukosa fedha, alirekodi nyimbo nyumbani kwa kinasa sauti cha kaseti chenye njia 4 (yaani sehemu nne za kurekodi sauti kila moja peke yake), akikusudia ziwe za majaribio tu, na kanda hiyo ndiyo iliyotolewa kuwa albamu mwaka 1982.

Kinachokukwamisha, nadhani, ni chumba chenyewe kuliko vifaa. Kuta tupu za saruji hurudisha sauti, na mwangwi ukishaingia katika rekodi ni vigumu kuuondoa. Tundika mablanketi mazito nyuma yako na ubavuni, simama umbali wa shibiri moja hivi kutoka kwenye maikrofoni, na urekodi usiku, bodaboda zinapopungua; mvua ikianza kupiga mabati, basi, lala.

Studio kubwa ina faida ya kweli unapotaka kurekodi ngoma au bendi nzima kwa pamoja. Kwa kazi hiyo, kodi studio kwa saa chache, kisha urudi kuimbia chumbani.